Sura ya Saba: Klachi Mpya, Goti Bovu

Kwa maneno ya jirani, mambo yalikuwa hivi. Saa sita mchana wa Jumamosi seremala aliingia ndani ya pikapu yake, akafunga mlango polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, akamtazama shemeji yake kupitia kioo cha mbele, akatabasamu, kisha akamgonga. Hakupiga honi. Hakusema neno. Shemeji mtu alikuwa amesimama kati ya bampa na ukuta, ndiyo kwanza anashusha boneti, akabanwa palepale. Na jana yake, Ijumaa jioni, jirani aliendelea, wawili wale waligombana mpaka kuku wakahama ua. Shemeji alisema dada yake si trekta, asukumishwe gari bovu kila asubuhi kupanda kile kilima. Seremala akajibu, "Endelea kusema tu. Iko siku nitakunyamazisha." Jirani aliyasikia hayo kwa masikio yake mawili, na kama angejaliwa la tatu, nalo lingesikia.

Sajini alikuwa anaipokea habari hiyo kwa mara ya nne. Mara ya kwanza seremala hakutabasamu. Mara ya pili alitabasamu kidogo. Mara ya tatu honi ilikuwepo.

"Mama, hilo tabasamu uliliona ukiwa wapi?"

"Hapahapa dirishani."

"Dirisha lako linatazama ubavu wa gari, tena ubavu wa nyuma."

"Mwanangu, mtu akitabasamu kwa nia mbaya hata kisogo kinaonyesha."

Mtaa mzima ulimwita bibi huyu Redio, na Sajini hakuhitaji kuuliza sababu. Saa nne na nusu sasa. Saa nane jalada lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka, na juu ya jalada paliandikwa: kujaribu kuua. Seremala alikuwa mahabusu tangu Jumamosi. Shemeji yake alikuwa hospitalini, nyonga imevunjika, madaktari hawataki aulizwe hata jina lake. Na katikati yao alikuwepo mwanamke mmoja, mke wa huyu na dada wa yule, aliyekuwa akibeba mabakuli mawili ya chakula, moja linakwenda wodini, la pili linakwenda kituoni.

Seremala alishikilia neno moja tu: "Nilikanyaga klachi, Sajini. Nilikanyaga mpaka chini." Na jalada lilimjibu kwa karatasi mbili. Ya kwanza ilitoka kwa mkaguzi wa magari, aliyeijaribu pikapu Jumamosi hiyohiyo saa kumi: klachi nzima, inakata vizuri, gari halina kasoro ya kulifanya liruke. Ya pili ilikuwa mstari mmoja wa Koplo aliyewekwa kulinda: *Tangu saa saba mchana gari halikuguswa na mtu yeyote.*

"Swali la mwisho, mama," Sajini alisema, huku ameshafunga daftari. "Kabla ya kumgonga, injini ilinguruma kwa muda gani?"

"Haikunguruma. Ndiyo maana nasema alikusudia. Mwenye heri huwasha gari, likanguruma, watu wakajua. Huyu aligusa ule ufunguo, nikasikia nyi-nyi-nyi, na palepale likaruka kama chura. Injini imeshika wakati gari liko njiani."

Sajini akalifungua daftari tena. "Hilo la nyi-nyi-nyi mbona hukulisema Jumamosi?"

"Mliniuliza nimeona nini," Redio alisema. "Hamkuniuliza nimesikia nini."

Sajini aliliandika hilo la kusikia, akaaga.

*

Getini kwa seremala alimkuta Koplo amekaa juu ya tofali, mguu mmoja ameunyoosha, anausugua. Koplo alikuwa mtu mzima, amebakiza miezi miwili astaafu. Ndiye aliyempokea Sajini alipoingia kazini, akamfundisha kuandika maelezo ya shahidi bila kuyapamba. Sasa Sajini alikuwa amempita kwa cheo, lakini mdomo wake bado ulimwita Mzee.

"Goti bado, Mzee?"

"Bado. Tangu Jumamosi, hili la kushoto. Hili tofali nalo halina huruma."

"Kalia kiti."

"Kiti kinaleta usingizi, Sajini. Nilinde gari huku nakoroma?"

Ua ulikuwa wa saruji, umeinama kidogo kuelekea getini. Pikapu ilikuwa imegusa ukuta kwa pua, rangi yake ya bluu imepauka, mlango mmoja ni wa gari jingine. Nyuma yake, hatua nne hivi, palikuwa na doa kubwa jeusi la oili ya gia, na katikati ya doa palibaki umbo kavu la mstatili, pale fundi alipotandika boksi la karatasi akalala chali siku mbili. Mawe mawili yaliyokuwa yameziba magurudumu ya nyuma yalikuwa bado yamekaa mahali pake, kama wenyeji walioachwa na mgeni. Pembeni, juu ya tairi chakavu, ililala giaboksi ya zamani, na juu yake pleti ya klachi ya zamani, imelika mpaka vichwa vya ribiti vinang'aa.

Mke wa seremala alitoka jikoni, mikono ina majivu.

"Shemeji yako... samahani, kaka yako," Sajini alisema, maana undugu wa kesi hii ulikuwa unamchanganya hata yeye, "alifika hapa saa ngapi Jumamosi?"

"Fundi alipokuwa anaondoka. Walipishana getini. Kaka alikuja kuomba radhi kwa ya jana yake. Akakuta betri haijafungwa, akasema ngoja nikusaidie, shemeji. Akaifunga yeye mwenyewe." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Mtu anayetaka kukuua unamfungia betri, Sajini?"

"Na mumeo kwa nini alikimbilia kuwasha?"

"Madawati ya shule yamejaa mle kibandani wiki nzima, yanangoja gari la kuyapeleka. Fundi alipokuwa anatoka alimwambia imekwisha."

"Alisema imekwisha?"

"Kwa sauti kabisa. Nilikuwa hapahapa."

*

Fundi aliitwa, akaja na begi lake la spana, maana alisema hatembei bila hilo kama vile daktari. Jina lake la mtaani lilikuwa Profesa. Ukimwuliza saa ngapi, atakueleza saa inavyotengenezwa. Kwa Sajini hilo lilikuwa balaa Jumamosi, alipokuwa na haraka. Leo aliamua liwe neema.

"Profesa, mimi gari nalijua kwa kulipanda tu. Nieleze kazi yako toka mwanzo. Usiruke kitu."

Profesa akafurahi. Akachuchumaa kando ya giaboksi ya zamani, akaipiga piga mgongoni kama ng'ombe.

"Afande, hii kazi haina njia ya mkato. Unatoa betri kwanza. Unafungua propela shafti, ule mhimili wa kwenda magurudumu ya nyuma. Ukiivuta tu, huku mkiani oili inamwagika, kwa hiyo unaziba na kitambaa. Unafungua mkono wa gia, nati za pembeni, unaweka jeki, unairudisha nyuma taratibu, inashuka. Hapo ndipo unaikuta klachi. Pleti ile imekwisha, unaona mwenyewe, hii ndiyo ilikuwa inateleza kilimani mpaka mama wa watu anasukuma. Nikafunga pleti mpya, na presha pleti mpya ya kuibana, nikaiweka katikati. Sasa kupandisha giaboksi nyingine, hapo ndipo mafundi wa juzijuzi wanalia. Meno ya shafti lazima yaingie kwenye meno ya pleti, na wewe umelala chini, huoni, umeikumbatia kifuani."

"Wewe unafanyaje?"

"Natia gia namba moja. Halafu nazungusha mkia wa giaboksi kidogo kidogo kwa mkono. Mkia ukizunguka, shafti ya mbele nayo inazunguka, meno yanatafutana. Yakikutana inaingia yenyewe, twaa."

"Halafu gia unaitoa."

"Huwa naitoa."

"Sijauliza huwa. Jumamosi uliitoa?"

Profesa akajikuna shingo. "Lazima niliitoa, Afande. Hata kama imebaki, klachi si ipo? Ukikanyaga, gari haliendi popote."

"Sawa. Na klachi uliimaliza?"

"Niliimaliza, nikatoa hewa yote. Ilikuwa nyororo."

"Seremala anasema pedali ilikwenda mpaka chini kama godoro. Akadhani ndio upya wenyewe, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inataka miguu miwili."

"Seremala anajua mbao."

Sajini akafunua ukurasa. "Kuna mtu aliniambia una kawaida ya kitambaa chekundu."

"Ndiyo, na hiyo iandike," Profesa alisema, amepata nguvu. "Nikiondoka kazi haijaisha, nafunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Mtaa wote unajua. Kikiwepo, hata mwenye gari haruhusiwi kugusa ufunguo. Na Jumamosi nilikifunga. Kama hakikuonekana, basi alikitoa mwenyewe, akawasha, akafanya alichofanya."

"Subiri hapo." Sajini aliinua kalamu. "Kitambaa ni cha kazi ambayo haijaisha."

"Ndiyo."

"Na wewe kazi uliimaliza, mpaka hewa ukatoa."

"Ndiyo."

"Sasa kitambaa ulifunga cha nini?"

Kuku mmoja alipita katikati yao, akadonoa pleti ya klachi, akaiacha. Profesa alimtazama kuku yule kama aliyetumwa kumwokoa.

Sajini hakumngoja. Aliinama kwenye giaboksi ya zamani, akachungulia mkiani, akaingiza vidole viwili, akavuta. Kilitoka kitambaa kimelowa oili nyeusi, kinanuka kiberiti. Alikikamua pembeni ya tairi. Pindo lake lilikuwa jekundu.

"Unavyo vingapi, Profesa?"

"Kile... kimoja, Afande."

"Hiki giaboksi iliposhushwa Ijumaa kilizibia oili. Hakijatoka humu mpaka sasa. Jumamosi kwenye usukani kilifikaje, kwa miguu?"

Profesa akakaa chini kabisa.

"Tuliache hilo," Sajini alisema, ingawa hakuliacha. "Nifundishe hiyo hewa inavyotolewa."

Sasa alieleza kwa maneno machache, na kila moja lilivutwa. Pedali inasukuma mafuta ya breki kwenye bomba. Bomba likiwa na hewa, pedali inashuka bure, klachi haikati, injini na magurudumu vinabaki vimeshikana. Kwa hiyo unalegeza nati ndogo pale ubavuni mwa giaboksi, hewa na mafuta vinatoka pamoja na mapovu, unakaza, unarudia, mpaka mapovu yaishe.

"Mafuta yakitoka yanakwenda wapi?"

"Yanadondoka chini."

"Lazima?"

"Labda uweke kopo."

"Uliweka?"

"Sikuwa na kopo."

Sajini akainuka. Alikwenda kwenye lile doa jeusi, akachuchumaa mahali giaboksi ilipokuwa juu yake, akafuta saruji kwa karatasi nyeupe. Ilitoka nyeusi, nzito, inanuka. Akafuta pengine, nyeusi vilevile. Kisha akaenda ukutani, akalala chali chini ya pikapu bila kujali sare, na kwa muda ikaonekana viatu vyake tu. Aliporudi alikuwa na karatasi ya pili. Juu yake palikuwa na alama tano za unyevu, rangi ya asali iliyozimuliwa.

"Bomba ni kavu mwanzo mpaka mwisho, halijapasuka. Nati yako ndiyo imelowa, na chini yake kuna matone, yamepangana hapo ukutani." Alimwomba mke wa seremala maji. Akamwagia tone moja karatasi ya kwanza, oili ikajikunja juu ya maji, haikutaka urafiki. Akamwagia ya pili, ikachanganyika na maji mara moja, ikaondoka nayo. "Lipi ni la gia na lipi ni la breki, niambie wewe mwenye elimu."

Profesa alilivuta begi lake la spana karibu na mguu.

"Ulipokuwa unafanya kazi, gari lilikuwa pale nyuma. Pale hakuna tone moja la mafuta ya breki. Matone yako hapa, gari liliposimama baada ya kumvunja mtu. Hewa ulitoa saa ngapi, Profesa?"

Mke wa seremala alikuwa ameshika kikombe cha maji kwa mikono miwili.

"Mafuta ya breki yaliniishia," Profesa alisema mwishowe, sauti chini. "Nikamwambia mwenye gari, imekwisha, bado mambo madogo madogo. Nikaenda kununua kopo jipya. Si nilimwambia bado?"

"Ulisema imekwisha kwa sauti," mke wa seremala alisema. "Hayo ya bado uliyasema ukiwa umeshageuka."

"Nikarudi saa saba na nusu, nakuta damu, na watu wanatawanyika kwenda hospitalini. Nikajua gia nimeiacha namba moja, na klachi ni tupu. Nikajua nimekwisha, watu hawatanipa tena hata baiskeli. Nikasema niimalizie, angalau mkaguzi akija aikute nzima." Akafuta uso kwa mkono wa oili, ukabaki na mstari. "Sikumtakia mtu jela, Afande. Nilidhani itaitwa ajali tu, na iishe."

Siku tatu za maneno, tabasamu, honi na ugomvi wa jioni, kumbe yote yamekaa katika mambo madogo madogo ya fundi. Lakini bado kulikuwa na kitu kinamkwaruza. Karatasi ya pili ya jalada.

"Hiyo kazi ya hewa," alisema polepole, "mtu mmoja anaweza?"

"Hawezi. Wewe uko chini na spana. Juu lazima awepo wa kukanyaga. Kanyaga, shikilia, achia. Ikiwa bomba lilikuwa tupu, hata mara arobaini."

"Kwa mguu gani?"

"Klachi, Afande? Wa kushoto."

"Jumamosi nani alikukanyagia?"

Profesa alitazama begi lake la spana, akalifunga zipu, akalifungua. "Huyo hakujua kitu. Mimi hilo siwezi kulisema mbele yake."

Sajini aligeuka kuelekea getini. Koplo alikuwa ameacha kusugua goti. Mkono ulikuwa bado uko juu yake, umetulia, kama wa mtoto aliyekutwa na kifuniko cha sukari.

*

"Alisema anachukua spana zake," Koplo alisema, walipobaki wawili kando ya geti. "Nikaona si vibaya, riziki ya mtu. Akalala chini, akasema, Mzee nisaidie kukanyaga hapo, kuna kitu kimenasa. Sajini, mimi maisha yangu ni baiskeli. Klachi naijua kwa jina kama ninavyojua majina ya nchi za mbali. Nikakanyaga. Akasema shikilia, nikashikilia. Akasema achia, nikaachia. Mpaka goti likakataa."

"Halafu ukaandika gari halikuguswa."

"Niliandika baadaye, jioni. Nilidhani kugusa ni kuiba."

Sajini alifumba macho. Angalau mtu mmoja katika kesi hii angekuwa mwongo wa kweli, ingekuwa rahisi. Huyu ndiye aliyemwambia miaka ile, *andika alichosema shahidi, usiandike unachotaka awe amesema.*

"Mkaguzi ameandika klachi nzima kwa sababu ya mguu wako, Mzee. Profesa akieleza peke yake, mwendesha mashtaka atasema fundi anamwokoa mteja wake, na ataweka mezani mstari wako kuthibitisha. Matone atasema yamevuja."

"Najua."

"Bila wewe, seremala haendi nyumbani leo."

"Najua, binti." Alikuwa hajamwita hivyo tangu apate cheo. Alivua kofia, akatazama ndani yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo. "Miaka thelathini na moja sijawahi kuandikwa vibaya hata mara moja. Nimebakiza miezi miwili. Hawatanifunga, najua, lakini watanisimamisha, na nitaondoka kwa mlango wa nyuma. Wajukuu wameshaambiwa siku ya gwaride la kuniaga. Wewe una akili kuliko mimi. Tafuta njia nyingine, sema mtu mwingine alipita akakanyaga. Sema hukumjua ni nani. Mimi nitoe humo."

Ndani ya ua mke wa seremala alikuwa anafunika bakuli la pili kwa sahani, analifunga kwa kitambaa, la kituoni. Alifunga fundo, akalifungua, akafunga upya. Kila mara macho yake yalirudi getini.

Sajini alitazama saa. Sita na dakika ishirini. Alifungua daftari kwenye ukurasa mweupe, akaliegemeza juu ya nguzo ya geti. Akaandika tarehe. Akaandika saa na mahali. Chini yake akaandika, *Maelezo ya shahidi*, akaweka nukta mbili, na kalamu ikasimama pale penye jina.

"Binti," Koplo alisema tena. "Umenisikia nilichokuomba?"

Kalamu haikuinuka wala haikushuka. Koplo akahamishia uzito kwenye mguu wa kulia, akaliachia lile goti bovu lipumzike, akangoja.